Siku fundi alipoitwa boi

Kila nikisikia watu wanabishana eti ubaguzi ni ubaguzi tu, hata afanye nani, mi akili inanirudisha Tanga mwanzoni mwa miaka ya 90, kwenye duka la spea za baiskeli nililokuwa nauza baada ya kumaliza form four. Tajiri alikuwa Mhindi, na pale barazani alikuwepo fundi, mzee mwenye mvi, kazi yake kukaza spoku na kunyoosha ringi.

Siku hiyo kaja na mjukuu wake maana shule zilikuwa zimefungwa, mtoto kakaa juu ya kopo la rangi anamwangalia babu yake, mara tajiri huyo, "We boi, lete tairi!" Mzee akafuta grisi mikononi taratibu akasema tajiri, mbele ya mjukuu wangu usiniite boi. Kijana mmoja mteja akadakia, "Muache mzee wewe ponjoro!" Tajiri akawaka, eti mnaona, na nyie mnatukana, basi ngoma droo.

Droo gani? Lile neno ponjoro, tusi la kumwita Mhindi, lilimuuma tajiri kweli, nilimuona usoni, na silitetei mpaka leo. Ila kijana alipanda baiskeli akaenda zake, wakati mzee jioni alikatwa hela ya siku nzima na kuambiwa akijibu tena kibarua kimeota nyasi. Sasa nyumbani kwake wale nini?

Usiku kwenye kahawa Ngamiani mzee akatuhadithia enzi za Mwingereza, alivyokata mkonge mpaka kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kijae siku 30, shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, zetu mbali, halafu kura tatu za 1958, lazima umchague Mwafrika na Mhindi na Mzungu, wakati sisi ndo umati wa nchi. Yote hiyo kwa sheria kabisa.

Jamaa mmoja akasema basi sasa zamu yao na wao kubaguliwa. Mzee akamkatalia, akasema hata 1961 bungeni walikuwepo waliotaka uraia uende kwa rangi na Nyerere akakataa katakata. Halafu akauliza, yule mtoto wa tajiri akipita hapa peke yake watoto wetu wanamnyang'anya kofia na sisi wazima tunacheka, hapo mwenye nguvu nani? Mtu asijibu. Mi naona hapo ndo penyewe, usiangalie rangi ya anayetukana, angalia kashika nini mkononi, na mkono unabadilika kutoka dukani mpaka mtaani.

Kesho yake mzee aliwafokea wale watoto, kisha akaenda kwa tajiri kudai hela yake. Hakupewa.