Magunia matatu

Leo nimepika pilau, na vidole vimebaki vinanukia karafuu mpaka usiku huu. Usingizi umeniruka, basi niandike.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa hasa. Tulichambua makonyo mpaka usiku wa manane, tukaanika uani majamvi kwa majamvi, siku nne za jua kali. Kwetu Pemba karafuu mnunuzi wake ni ZSTC tu, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ndiyo sheria. Lakini ng'ambo, Shimoni ya Kenya, tulisikia wananunua ghali na hawaulizi umetoka wapi. Kaka alisita. Mimi ndiye niliyemwambia, "Magunia matatu tu, baba hatojua." Nilikuwa na miaka kumi na saba, nataka simu. (Watu hudhani mdogo ndiye hufuata.)

Tukazishusha Msuka usiku wa giza, kwenye mikoko, maji yanajaa. Nahodha akachukua karafuu moja, akaivunja kwa ukucha: ta! "Kavu," akasema, akapakia gunia la kwanza. La pili halijafika chomboni, kurunzi ikatumulika. KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Jina lao lenyewe lina neno magendo ndani yake, na boti yao tulikuwa tukiiona kila wiki, lakini usiku ule tulijifanya hawapo.

Nahodha akasukuma pondo, akapotea na gunia letu. Mimi nikakimbia. Kaka alikuwa na mzigo begani, matope yamemfika magotini. Aliniita mara moja, kwa sauti ya chini. Sijui hadi leo alikuwa ananiomba nirudi au ananihimiza niende.

Nyumbani nikajisugua mikono kwa ndimu, kisha kwa majivu. Harufu haikutoka. Alfajiri walipokuja kumwarifu baba, nilikaa kwenye mkeka nimevikalia viganja.

Kituoni wakamuuliza kaka alikuwa na nani. Peke yangu. Mahakamani, peke yangu. Mama akamuuliza kwa kilio, jibu likawa lile lile. Miezi aliyokaa ndani ndiyo niliyofanya mtihani wa kidato cha nne. Nikafaulu, nikachinjiwa kuku.

Hatujawahi kulizungumza. Juzi kanipigia simu: mwanawe mkubwa anakuja Unguja kusoma, atakaa kwangu.

"Mchunge huyo," akasema. "Kakurithi wewe, hodari wa mbio."

Akacheka sana. Nami nikacheka, nimechelewa kidogo.