Siku moja na viota vya Amani

Saa 12 asubuhi. Mvua ya vuli imepiga usiku kucha hapa Amani, wilayani Muheza, na roho yangu iko kwenye viota. Msimu huu ndege wengi wa milima ya Usambara Mashariki wanaatamia au wanalisha. Kinda asiye na manyoya hana kinga: mama akibaki kumfunika, hapati nafasi ya kutafuta wadudu, akienda, kinda analowa.

Saa 2. Naingia msituni na mzee ninayefanya naye kazi. Tunatazama kwa darubini kutoka mbali, maana ndege akishtuliwa mara kwa mara hukisusa kiota. Chini ya miti mikubwa, kiota cha kwanza ki salama. Maji yanadondoka jani hadi jani, yanafika chini yakiwa yameishiwa nguvu.

Saa 4. Pembeni mwa shamba la chai hali ni nyingine. Huku ndiko kwa mshonaji mwenye mdomo mrefu, ndege anayejulikana milima hii na kaskazini mwa Msumbiji tu. Anapenda mimea itambaayo iliyosongamana kwenye kingo na nafasi wazi za msitu, ile ile tunayoiita magugu na kuifyeka. Tunasubiri sana, leo halii. Jirani yake shore kaporwa mayai, kiota kimeraruliwa ubavu. Nyoka hula bila kuvuruga, anasema mzee. Huyu ni kima.

Saa 7 mchana jua linachoma.

Saa 9. Mama mmoja mkulima wa iliki, nikishamwamkia, ananiambia, "Mwanangu, mvua ndiyo inayowamaliza ndege wenu."

Namweleza kwamba ndege wa misitu ya Usambara wamekuwa wakinaswa, wakivishwa pete za utambulisho miguuni na kuachiwa kwa miaka 30. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2021 uliangalia aina 21: kwa zaidi ya nusu, kupanda kwa joto kulikwenda pamoja na kushuka kwa kasi ya kuongezeka kwa idadi yao. Mvua ilihusika mara chache.

"Basi dawa ni kivuli?"

"Kwa wengi, naamini hivyo, mama. Ila mshonaji anataka vichaka vyake pia."

Anafikiri, kisha ananionyesha kichaka kando ya kijito alichopanga kukifyeka wiki hii. Atakiacha mpaka makinda watoke.

Saa 11 jioni naandika: kiota, majani yaliyokifunika, joto, dalili za adui. Kesho tunaanzia kijitoni.