Siku moja kwenye chumba cha kamera, Nungwi, Zanzibar

Wengi wakisikia mtu anafanya kazi ya kamera hotelini, hudhani anakaa kwenye kiyoyozi kuchungulia wageni. Tunachotazama sisi ni mikono: unaotoa fedha, unaopokea, unaofungua droo. Ni kazi ile ile ya kasino. Kule mchezeshaji karata hasukumi noti sandukuni mpaka azitandaze mezani moja moja, na haondoki bila kufungua viganja vyote viwili, juu na chini. Baa ya ufukweni ingefuata hivyo, usiku wetu ungekuwa mwepesi.

Saa 8 mchana. Makabidhiano: kusoma kitabu cha zamu, kuhakikisha kamera zote 32 zina picha, kulinganisha saa ya rikoda, yaani mashine inayohifadhi picha za kamera, na ya simu. Hili la saa watu hulipuuza. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ndani ya rikoda imekufa, tarehe hurudi nyuma miaka, na picha hiyo hakuna atakayeiamini. Tena rikoda inaandika 19:48, keshia anaandika saa 1:48 usiku. Ripoti lazima itaje zote mbili, la sivyo mtu atatafuta tukio kwenye 01:48, akute baa imefungwa.

Saa 9. Kamera za nje. Hewa ya bahari hugeuza shaba ya viungio kuwa kijani, picha ikaanza kukatika. Dawa yake ni kubadilisha kichwa cha waya na kukipaka grisi ya silikoni. Tandabui hutolewa kwa brashi laini, kwani usiku mwanga wa kamera huvuta wadudu, na buibui hufuata chakula chake.

Saa 11 hadi Magharibi hakuna kitu. Chai, chapati, macho kwenye skrini.

Saa 2:25 usiku redio inaita. Mgeni analalamika baa. Bili yake 32,000, anasema alitoa noti tano za 10,000 akarudishiwa 10,000 tu. Keshia anasema alipokea 42,000: noti nne za tembo (10,000) na moja ya simba (2,000). "Wallahi kaka, moja ilikuwa simba." Noti ya 2,000 na ya 10,000 humchanganya mgeni, rangi zake zote za moto moto.

Risiti inasema 19:52:10. Mashine ya mauzo iko mbele ya rikoda kwa dakika 3 na sekunde 40, kwa hiyo tunaanzia 19:48:30 na kurudi nyuma dakika mbili. Mkono wa mgeni unaonekana. Noti tano, sawa. Lakini keshia amezihesabia mkononi, hakuzitandaza kaunta. Na taa ya juu ya droo imezimwa ili baa ipendeze, kwa hiyo kamera imejigeuza nyeusi na nyeupe. Tembo na simba wote kijivu. Noti ya tano inaonekana fupi kidogo kuliko wenzake, na kweli ya 2,000 ni ndogo kuliko ya 10,000, lakini kwa pembe ile huwezi kuapa.

Inabaki droo. Fedha za kuanzia zamu, kujumlisha mauzo ya taslimu, kulinganisha na kilichomo. Kama mgeni alitoa 50,000, lazima kuwe na ziada ya 8,000. Inahesabiwa mara mbili, watu wawili, mbele ya kamera. Imelingana.

Bado haitoshi, maana ziada inaweza kuwa imeshatolewa. Kwa hiyo unatazama dakika zote 37 tangu malipo hadi lalamiko. Droo imefunguliwa mara 11, na kila mara unarudisha picha kwa mwendo wa kawaida: mkono umeingia na nini, umetoka na nini, umekwenda wapi. Macho yanawasha. Mkuu wa baa yuko mlangoni, kila dakika mbili anauliza kama keshia akatwe tu mshahara mambo yaishe. Ndiyo maana chumba hiki hakiripoti kwake, kama vile kasino watazamaji hawaripoti kwa meneja wa meza. Akikubaliwa, kijana wa watu analipa 8,000 asizozila na jina lake linachafuka.

Ripoti inaandika kilichoonekana tu: noti tano; thamani ya ya tano haikusomeka; droo imelingana; mkono haukwenda mfukoni. Neno "mwongo" haliandikwi, kwa mgeni wala kwa keshia.

Kipande kinanakiliwa kwenye flashi mbili usiku huo huo. Kamera 32, kila moja ikila megabiti 2 kwa sekunde, zinameza gigabaiti 690 hivi kwa siku. Diski za terabaiti 16 zinajaa siku ya 23, kisha picha za zamani zinafutwa.

Saa 4 na kitu, zamu ya usiku imeingia. Mstari wa mwisho kitabuni: taa ya droo ya baa iwashwe kabla ya Magharibi, isizimwe mpaka kufunga.