Siku Yangu Mlimani: Kutoka Kendu Bay Hadi Homa Bay kwa Miguu

Saa kumi usiku naamka bila kengele. Maji nimeyachemsha tangu jana. Nakanda unga, napika chapati 14, nakagua begi: bendeji, chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kamba, kofia mbili za akiba. Adhana ya alfajiri kutoka msikiti wa Tawakal inanikuta nikimalizia chai ya chupa. Naswali, nawavuta watoto shuka, natoka.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kutoka Kendu Bay, tukapita kwenye mabega ya Mlima Homa, tukateremka hadi Ziwa Victoria upande wa pili wa rasi na kumalizia mjini Homa Bay. Nina mwaka wa tisa katika kazi hii. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda sana, bado huwaambia majirani, "Ameenda kutembea." Ndiyo maana nataka niieleze siku moja jinsi ilivyokuwa.

Saa kumi na mbili, stejini. Wageni sita kutoka Nairobi na Kisumu. Kabla ya majina naangalia viatu. Mmoja ana ndala. Namtuma akavae raba alizoacha kwenye gari.

Saa moja na nusu tuko Simbi Nyaima. Hapa siharakishi. Ni ziwa dogo la mviringo, limekaa ndani ya shimo la volkano, maji yake ya magadi yana rangi ya kijani na hayana samaki. Flamingo walikuwepo asubuhi hiyo, wamejipanga pembeni kama kitambaa cha waridi kilichoanikwa. Nikawasimulia kama bibi yangu alivyonisimulia: ajuza alifika kijijini usiku wa sherehe, amechoka, ana njaa, watu wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Ajuza akamwambia aondoke na watu wake, kisha mvua ikashuka na kijiji kikazama. Jina lenyewe lina maana hiyo, kijiji kilichozama. Huwa nawaomba wageni wanyamaze kidogo baada ya hadithi hii, kwa sababu huku kwetu mgeni akipita mlangoni bado tunaikumbuka.

Saa tatu bodaboda zinatushusha chini ya mlima na miguu inaanza kazi.

Sasa nieleze jambo ambalo wageni hawalioni. Hiyo njia haina mwenyewe mmoja. Inapita nyuma ya jiko la mtu, kando ya kaburi la mtu, katikati ya mtama wa mtu. Kila boma nasimama, nabisha hodi, nasalimu, "Oyawore," naulizia mgonjwa, naulizia ng'ombe aliyezaa. Boma la tatu walikuwa na matanga wiki iliyotangulia, kwa hiyo niliwazungusha wageni mbali, wasipite na kofia zao za rangi na vicheko mbele ya waliofiwa. Mzunguko huo ulituongezea dakika 20. Mgeni mmoja, mzee mstaafu mwenye simu mkononi, aliziandika dakika hizo moyoni.

Mlima Homa una mita 1,751 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1,134, kwa hiyo ukiutazama kutoka chini unaona kitu cha mita 600 tu na ushee, na watu huudharau. Lakini ni volkano ya zamani, na ubavuni mvua imeuchimba udongo makorongo yenye kingo zinazomeguka. Kivuli ni kidogo. Jua la saa tano linapiga uso, jiwe linalirudisha miguuni.

Hapo kwenye korongo la pili ndipo siku iliponichosha.

Njia yetu inalizunguka korongo kwa juu, karibu nusu saa. Yule mzee akaninyooshea simu. "Dada, ramani inaonyesha tunakata hapa. Dakika kumi. Wewe unatuzungusha tangu asubuhi."

Nikamwambia, "Mzee, njia hiyo ilikuwepo kweli. Mvua za mwaka jana zimeichukua. Ukingo unaonekana mgumu lakini chini yake ni tupu."

"Njia naiona kwa macho yangu. Sasa nakulipa kwa kazi gani?"

Sikumjibu. Nikageuka kumpa maji msichana aliyekuwa akilalamika kichwa, na nilipogeuka tena mzee alikuwa amekwisha kuondoka, anateremka na simu mbele yake.

Watu wakidhani kuongoza wageni ni kutangulia tu, waifikirie dakika hiyo. Nina watano hapa, mmoja kichwa kinamuuma, na mmoja kule. Nikawaketisha watano chini ya mti pekee uliokuwepo, nikamwomba kijana mtulivu kuliko wote asimruhusu mtu kuinuka, nikashika kamba, nikakimbia huku nikikanyaga kwa nje ya mguu, tulivyofundishwa na waliochunga mbuzi huku.

Nilimkuta mita nne chini ya ukingo, amekumbatia jiwe. Kushuka hawezi, kupanda hawezi. Magoti yalikuwa yakimtetemeka na kila alipovuta pumzi changarawe zilimwagika. Nikamwambia asitazame chini, anitazame mimi. Nikafunga kamba kwenye shina la mti wa miiba, nikalala kifudifudi nigawanye uzito wangu, nikamtupia kitanzi. Akakikosa. Nikatupa tena. Mara ya tatu kikamfika kiunoni. Kisha hatua moja, tunapumzika. Hatua moja, tunapumzika. Aliponifikia mkono, ulikuwa baridi, na jua lile lote. Tukakaa chini tusiseme kitu. Maji yake yalikuwa yamekwisha, nikampa yangu. Hiyo ilinila saa nzima, na viganja vyangu vilichubuka.

Sikumgombeza. Nilitaka sana. Nilimwambia tu, "Mzee, kuanzia hapa utatembea nyuma yangu, hatua yangu ni yako." Akaitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo sikuangalia saa, niliangalia mawingu. Mchana upepo wa ziwa hupanda mlimani na mawingu yakaanza kujijenga, nami sitaki watu juu radi ikianza. Tulikula chapati kwenye bega la mlima, tukiwa tumesimama. Kutoka pale unaona Ghuba ya Winam yote, Uyoma ng'ambo, mashua kama punje za mchele. Niliwaambia kuhusu Nyayanga, hapa hapa kwenye rasi hii, ambako watafiti walitangaza mwaka wa 2023 zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Mawe mengine yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13. Yule mzee, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Kilomita 13, na mzigo?" Nikamwambia ndiyo, kwenye ardhi hii hii.

Kuteremka kuliuma kuliko kupanda. Vidole vya miguu viligonga ncha za viatu, msichana wa kichwa nilimshika mkono hadi ufuoni. Akina mama walikuwa wakikusanya omena zilizoanikwa kwenye nyavu, wanawahi mvua, nasi tukawasaidia kukunja. Matone ya kwanza yalituangukia tukiwa tayari ndani ya matatu.

Homa Bay, giza limeingia. Nahesabu vichwa, sita. Napokea malipo, 2,500 zangu baada ya kuwalipa watu wa bodaboda na kuacha kitu kidogo kwenye maboma. Mzee alinipa mkono wake kwa mikono miwili, akaona viganja vyangu, akanyamaza.

Nilirudi Kendu Bay na matatu ya mwisho. Watoto walikuwa wamelala. Nikaingiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi na kumpigia simu mwenye boma la juu ya korongo. Nilimweleza kwamba ukingo umesogea, na kwamba pale mzee aliposhukia panaonekana njia bado. Akasema mkonge anao wa kupanda mvua zikitulia. Kwa sasa atapaziba kwa matawi ya miiba alfajiri, kabla sijapita na kundi la kesho.