Feni ya kompyuta ndogo ya mezani ilivuma kutwa: jinsi nilivyotatua

Hatimaye kumetulia, naandika ili mwenye shida kama hii asihangaike. Ni ile kompyuta ndogo ya ofisini, mtumba, yenye feni moja ya kupooza prosesa (ubongo wa kompyuta). Ukifungua kurasa mbili tatu za intaneti, feni inapanda, inavuma, inashuka, inapanda tena.

Nilipuliza vumbi kwenye matundu ya nje, wapi. Nikashusha kiwango cha juu cha prosesa kwenye Windows hadi asilimia 99, hatua ambayo kwa kawaida huzima mwendo wake wa ziada. Kelele ilipungua, ila mashine ikawa nzito. Pesti mpya ya prosesa, ule uji mzito wa kupitisha joto, nayo ilisaidia kidogo tu.

Kilichomaliza kazi ni kung'oa feni kutoka kwenye kipoozeo, kile chuma chenye mapezi membamba kinachoondoa joto la prosesa. Chomoa umeme, fungua kifuniko, toa skrubu za feni, inua taratibu. Kati ya feni na mapezi ya kipoozeo kulikuwa na vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Kwa juu huoni kitu, mapanga ya feni ni safi kabisa! Na ukipuliza kutoka nje, upepo unalikandamiza tu kwenye mapezi. Nililibandua kwa vidole likatoka zima, nikamalizia na brashi kavu laini. Ukipuliza feni, zuia mapanga kwa kidole yasizunguke, mzunguko ule wa kasi unaweza kuharibu beringi.

Nikarudisha feni, waya wake ukaingia hadi mwisho kwenye ubao. Asilimia 100 nimeirudisha pia, na feni haisikiki.