Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya paroko wa Mufindi

Saa 10:45 alfajiri

Niliamka kabla simu haijalia. Julai ya Mufindi haina huruma na mtu. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ukungu unashuka hadi kizingitini. Miti ya misindano iliyo nyuma ya nyumba ya mapadre huioni, unaisikia tu ikidondosha maji juu ya bati. Nikavaa sweta mbili, kanzu juu yake, nikaenda kanisani kusali Masifu ya Asubuhi.

Nina miaka 11 ya upadre, na zipo asubuhi ambazo zaburi zinaishia mdomoni. Zamani jambo hilo lilinitesa. Siku hizi najua kwamba Masifu si sala yangu binafsi. Nayasali pamoja na Kanisa zima, kwa ajili ya wanaowasha moto saa hiyo na wanaotembea gizani kwenda kuchuma chai. Moyo wangu ukiwa mkavu, sala yao inanibeba.

Saa 12:15 asubuhi

Misa ya kila siku. Walikuja watu 23: bibi zetu waliojifunga mashuka mazito, masista wawili, wanafunzi kadhaa wa sekondari, na kijana fundi ujenzi ambaye hapitwi na Misa hata siku moja.

Ilikuwa Alhamisi ya Juma la 14 la Mwaka, Julai 2025. Somo la kwanza lilitoka Mwanzo, pale Yusufu anapojitambulisha kwa ndugu zake waliomuuza. Injili ilikuwa Mathayo 10: "Mmepata bure, toeni bure." Nilihubiri dakika tano tu, maana baridi ya asubuhi haivumilii homilia ndefu. Nikasema kuhusu jambo dogo ambalo tunalipita haraka: kabla ya kuwaambia ndugu zake yeye ni nani, Yusufu aliamuru watu wote watoke nje. Kosa lao lilikuwa kubwa, na yeye alikuwa na mamlaka ya kuwaumbua mbele ya Misri nzima. Akafunga mlango kwanza, ndipo akalia.

Nilisema hayo, nikaendelea na Misa. Sikujua kwamba kabla ya jioni yangenirudia.

Saa 1:30 asubuhi

Chai ya rangi na viazi vya kuchemsha. Simu ikaita. Alikuwa katekista wa kigango chetu cha mbali, kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, kilomita 26 kutoka parokiani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele, Amina. Habari za huko, mwalimu?"

"Huku tuna msiba, Baba. Yule mzee aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashine za mbao amefariki jana jioni. Familia inaomba Misa. Lakini jumuiya imekaa usiku, inasema hana sifa."

"Hana sifa kwa nini?"

"Miaka minne hajasali jumuiya, na zaka hana. Mwenyekiti anasema wanafuata tamko lako la Kwaresima."

Tamko nalikumbuka neno kwa neno. Kwaresima ya mwaka juzi, Halmashauri ya Walei, yaani baraza la waamini wasio mapadre wala watawa, ililalamika kwamba wapo waamini wanaolikumbuka Kanisa wakati wa kuoa na wakati wa kufa tu. Nikapita kigango kwa kigango nikitangaza: asiyeshiriki jumuiya na asiyetoa zaka, asitegemee padre kwenye msiba wake. Nilisema kwa ukali, nikiamini ninaijenga jumuiya.

Na jumuiya ndogo ndogo, hivi vikundi vya familia jirani zinazosali na kusaidiana, nazipenda kweli. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka mbele katika uchungaji wao tangu mwaka 1976, na mimi mwenyewe nililelewa katika jumuiya, nikishika mshumaa wakati mama anasoma Injili. Bila jumuiya, parokia yenye vigango 9 na mapadre wawili isingejua nani anaumwa na nani amelala njaa.

Nilimwambia katekista: "Waambie nakuja, na Misa itakuwepo." Kimya kidogo, kisha akasema, "Sawa, Baba." Nikasikia mzigo nilioutupa juu ya mabega yake. Ni yeye, si mimi, atakayekaa na watu hao kesho na keshokutwa.

Saa 2:00 asubuhi

Ofisi. Vyeti vya ubatizo viwili kwa ajili ya shule. Wachumba waliokuja kuandikisha ndoa baada ya miaka saba ya kuishi pamoja, na watoto wao wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi, wamenyooka kama mashahidi. Nilifurahi sana kuwaona.

Halafu akaja mama na binti yake wa miaka 17. Binti alikuwa anasafiri Jumamosi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wakaomba baraka. Katika mikoa yetu hii jambo hilo tumelizoea mno, kiasi kwamba mtoto anaondoka na begi moja na hakuna anayeuliza anakwenda kwa nani. Nikaomba namba ya mama mwenye nyumba. Hawakuwa nayo, walikuwa na namba ya dalali. Nikampigia. Alijibu vizuri alipodhani mimi ni baba mzazi, akabadilika nilipotaja parokia. Nikamwomba mama asimruhusu binti asafiri hadi tupate jina, mtaa na mshahara. Akanitazama kama ninayemnyima unga, na labda ndivyo ilivyo. Nikambariki binti hata hivyo. Mtaa huo nitaufuatilia kesho kwa paroko ninayemfahamu huko Dar.

Saa 4:30 asubuhi

Pikipiki, begi la Misa mgongoni, mafuta matakatifu na Ekaristi kifuani. Barabara inapita katikati ya misitu ya kupandwa, kisha mashamba ya chai, kisha mahindi yaliyokauka yanayosubiri kuvunwa. Njiani nilisimama kwa bibi mmoja aliyelala kitandani tangu Pentekoste.

Bibi huyu amewazika mabinti zake wawili na kulea wajukuu watatu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 mkoani Njombe na 11.1 kwetu Iringa. Ukiingia nyumba kama hii unajua takwimu hizo zina nani ndani yake. Mjukuu mkubwa alinipokea: "Kamwene, Baba." Nilimpaka bibi mafuta kwenye paji la uso na viganja. Viganja vyake vigumu kama mpini wa jembe. Akapokea Komunyo, akafumba macho muda mrefu.

Nilipotazama jikoni niliona uji umeshapikwa na kuni zimepangwa. Nikauliza ni jumuiya? Bibi akasema hapana, ni jirani, Mlutheri, anakuja kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Ndivyo ilivyo karibu kila mahali ninapoingia na stola yangu: nakuta mtu ameshatangulia na sufuria.

Saa 6:30 mchana

Msibani.

Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Katika masomo ya teolojia tulifundishwa Sheria ya Kanisa, na kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Tena hata hao hawanyimwi kama walionyesha dalili ya toba. Mtu asiye na zaka hayumo. Nililijua hilo siku ile nilipotoa tamko. Nililijua, nikatangaza.

Lakini mwenyekiti wa jumuiya nilimkuta kaburini, udongo mwekundu hadi magotini. Yeye na vijana wake walianza kuchimba tangu alfajiri. Wanawake wa jumuiya walikuwa wanasonga ugali kwa ajili ya waombolezaji.

"Baba, kuzika tunazika," aliniambia huku akijifuta mikono. "Mtu hatumwachi. Mimi nilikatalia Misa tu, kwa sababu ulisema mwenyewe."

Sikuwa na la kumjibu. Nikamshika mkono na udongo wake.

Mjane aliniita jikoni, penye moshi, mbali na watu. Alizungumza polepole huku akichochea moto. Mwaka 2021 tulikuwa tunaezeka kanisa la kigango. Kila kaya ilipangiwa shilingi 30,000. Jumapili moja, wakati wa matangazo, majina yalisomwa pamoja na kiasi kilichotolewa, na wasiotoa nao wakasomwa. Mume wake alikuwa ameumia mguu kazini, ana miezi mitano bila kipato. Jina lake likasomwa, likafuatiwa na neno "sifuri". Watu wachache wakacheka. Akatoka kabla ya baraka, na hakurudi tena.

"Hakuwa na chuki, Baba," mjane alisema. "Alikuwa anaona aibu kupita katikati ya watu."

Aliyesoma orodha ni katibu. Aliyeidhinisha isomwe ni mimi, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha padre, nimevaa kasula, nikisubiri matangazo yaishe. Kicheko sikumbuki. Hiyo ndiyo sehemu iliyoniuma kuliko zote, kwamba mtu aliumizwa mbele yangu, ndani ya Misa, na mimi sikumbuki.

Ningependa kusema kwamba niligundua marehemu alikuwa mtu wa sala za siri, au alisaidia ujenzi bila kujulikana. Sikusikia habari kama hizo. Alikuwa Mkristo aliyebatizwa na hakuwa na fedha, basi. Hiyo ilitosha kabisa kumpa haki yake mbele ya altare.

Kwenye homilia sikutumia fumbo. Niliwaambia: "Tamko la Kwaresima nililitoa mimi, na nilikosea. Mwenyekiti wenu hakukosea, alinitii. Orodha ya mwaka 2021 niliiruhusu mimi. Namwomba msamaha marehemu, na mama huyu, na ninyi." Nikawasimulia Yusufu aliyewatoa watu nje. Mikono yangu ilitetemeka. Kwaya ikaimba, jeneza la msindano likashushwa, kila mtu akatupa udongo wake.

Baada ya maziko, mwenyekiti alinisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Baba, nimekuelewa. Lakini sasa wale wanaotoa nitawaambia nini? Yupo mjane hapa analeta debe la mahindi kila mwaka, na yeye hana kitu."

Ni swali la haki. Kanuni ya 222 inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, na posho ndogo ya yule katekista inatoka kwenye zaka hiyo hiyo. Nilimwambia sina jibu kamili, ila aibu haitakuwa tena sehemu ya jibu letu, na kwamba tutalijadili pamoja Halmashauri ikikaa. Alitikisa kichwa taratibu. Sijui kama aliridhika.

Saa 11:40 jioni

Alhamisi ni siku ya Kuabudu Ekaristi Takatifu, na nilichelewa. Nilikuta paroko msaidizi ameshaiweka monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, altareni, masista wanaongoza Rozari, na yule kijana fundi amepiga magoti akiwa na saruji kwenye viatu. Nikakaa benchi la nyuma bila kuvua koti.

Nusu saa nzima sikuwa na maneno. Nilimtazama tu Bwana, naye akanitazama, kama wazee wetu wa imani walivyofundisha. Kwangu hiyo ndiyo saa ninayoamini kwa urahisi zaidi.

Saa 2:30 usiku

Ugali, maharage, mboga ya chainizi. Padre mwenzangu alisikiliza habari zote bila kunikatiza, akasema tu, "Kesho nitakwenda kumwona mjane."

Mezani ofisini nilikuta karatasi zilizochapwa kwa ajili ya Jumapili: orodha ya sadaka ya mavuno, jina kwa jina, gunia kwa gunia. Nikampigia katibu.

"Jumapili tusome jumla ya kila jumuiya tu. Majina hapana."

"Na waliotoa magunia kumi, Baba?"

"Nao pia. Tutawaandikia barua za shukrani."

"Watalalamika."

"Waelekeze kwangu."

Kisha nikafungua daftari la marehemu. Nikaandika jina, umri, tarehe ya kifo, mahali pa kuzikwa. Ipo safu inayouliza kama marehemu alipokea Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Komunyo kabla ya kufa. Mjane aliniambia aliugua miezi mitatu. Hawakuniita, kwa kuwa walidhani nisingekuja.

Nikaandika: Hakupata.