Lushoto haiishii Irente jamani

Kila wikendi ndefu ikipita simu yangu inajaa picha ileile, mtu kasimama ukingoni mwa lile jiwe la Irente huko milima ya Usambara, Tanga, mikono kaitanua, chini huko Mazinde mashamba ya mkonge yanaonekana kadogooo, halafu kaandika "Lushoto nimeimaliza". Hujaimaliza ndugu yangu. Kosta imetoka Dar usiku wa manane, mmefika mchana, nyama choma, spika imefunguliwa mpaka ndege wamehama mtaa, picha, mmegeuza. Sasa hapo umeona nini?

Sisemi Irente pabaya, la hasha. Ukisimama pale ardhi inakatika ghafla, kama mita 1,000 hivi kwenda chini, na siku isiyo na ukungu unaona tambarare mpaka macho yanachoka. Halafu jirani hapo kuna shamba la Irente, wana mkate wa kahawia, jibini, jamu, mtindi, vyote vya kwao wenyewe, mimi nikikaa pale huwa ni ngumu kuninyanyua. Ila hiyo ni habari ya nusu siku tu. Usambara ya magharibi ni kubwa na utamu wake uko mbele huko vijijini, ambako kosta za besdei haziendi.

Safari hii tulilenga Mtae, kijiji cha mbele kabisa ya Lushoto. Mimi, binamu yangu, na shoga yake mmoja wa Tabata aliyekuja na kandambili na kigauni cha kwendea Coco Beach, tukamwambia dada huko ni baridi, akasema baridi gani hii hii Tanzania. Haya. Basi mnapanda Mbezi stendi ya Magufuli, Chalinze, Segera, Korogwe, mkifika Mombo ndo mnaiacha barabara ya Moshi mnakata kulia mnaanza kupanda. Ni kilomita 33 tu mpaka Lushoto ila ni kona juu ya kona, lami nyembamba, mwamba upande huu, korongo upande ule na mto chini yake, masikio yanaziba, na kufika Soni pale kwenye maporomoko dada wa kandambili kashaazima kitenge cha binamu yangu kajifunika mpaka kidevuni.

Wenye muda na gari lao, Soni hapo msiipite hivihivi, kuna Sakharani, misheni ya watawa wa Kibenediktini, wanatengeneza mvinyo na wanauza makadamia. Jina lenyewe lina historia, Bwana Sakarani ndo lilikuwa jina la utani la Tom von Prince, yule afisa Mjerumani aliyepigana na Mkwawa kule Iringa, akaja kulima huku milimani, mwisho akauawa kwenye vita vya Tanga Novemba 1914. Mimi mambo hayo nayapenda sana, wenzangu walikuwa wanasinzia nikiwahadithia kwahiyo na nyie nawaachia hapo.

Lushoto mjini hatukukaa. Ni mji mzuri, una ubaridi, una majengo ya zamani ya Wajerumani ambao enzi zao waliuita Wilhelmstal, soko lina kila mboga, lakini gesti moja ilikuwa na disko hadi alfajiri na hilo disko ninalo Sinza bure kabisa. Asubuhi tukasonga. Ukitoka mjini unapita msitu wa Magamba, na hapa nashauri mshuke mtembee na mwenyeji anayeujua, maana ndani kuna giza la kijani lile la miti mikubwa kama mikulo, miti imevaa ukijani laini mpaka matawini, na juu huko mbega weusi kwa weupe wanaruka na mikia yao kama mashungi. Kimya kimya utawaona. Ukija na spika utaona majani.

Mbele ya hapo mnapita Lukozi, na hapo ndo nilielewa bei za Ilala zinaanzia wapi. Viazi mviringo magunia yamepangwa kando ya barabara, kabichi, karoti bado zina udongo, vijana wanapakia malori wanashindana na jua maana mzigo lazima uteremke uwahi soko. Kina mama wanashuka vilimani na matenga kichwani kwenye njia ambayo mimi mikono mitupu nilikuwa nashikilia majani. Mzee mmoja tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akauliza mnatoka wapi, Dar, akacheka akasema "basi karoti zangu zimewatangulia".

Mtae yenyewe ni kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, mwisho kabisa, nyumba zimejipanga kwenye ukingo na ukipiga hatua chache huku unaona bonde, ukivuka upande wa pili unaona jingine. Chini ni nyika za Mkomazi, mbele milima ya Upare, na wenyeji wanasema anga likitakata Kilimanjaro hutokea kwa mbali. Sisi hatukuuona, mawingu yaligoma. Asubuhi mawingu yako CHINI yenu, yametanda bonde zima, halafu jua linavyopanda yanaachia taratibu, kwanza kilima kimoja kinachomoza, kisha kingine, kisha unaona barabara nyembamba huko chini na gari linatambaa. Tulikunywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha tumekaa kwenye benchi la mbao tunaangalia hiyo sinema, saa mbili zikaisha.

Lakini kilichonikosha ni usiku. Kijana aliyekuwa anatutembeza alisema twendeni tukatafute vinyonga, nikadhani utani. Kumbe mchana kinyonga humuoni kwasababu anafanana na majani, usiku akilala anapauka, ukimulika tochi kwenye vichaka vya kando ya njia anang'aa mweupe kwenye ncha kabisa ya kitawi, mkia kausokota duara, macho kafumba. Tulimsogelea mmoja mpaka nikaona magamba yake na vile vipembe viwili puani, na vidole vyake vimekamata kijiti, viwili huku vitatu huku. Hakuamka, alifungua jicho moja tu likazunguka kutukagua likafunga. Binamu yangu alikuwa mita tano nyuma anasoma dua. Kurudi gesti mama mwenye nyumba anauliza mlienda wapi gizani, tukamwambia kuangalia kinyonga mama, akapiga kofi la mshangao, "yaani mmelipa nauli toka Dar kuja kutafuta kinyonga?" akaenda kumuita jirani yake aje acheke naye.

Kwa mnaotaka kwenda, mambo machache. Masweta ni lazima, hasa mwezi wa sita hadi wa nane, na viatu vya kufunga (dada wa Tabata alinunua raba za mtumba sokoni Lushoto, kazipenda mpaka leo anavaa kazini). Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, barabara ya vumbi ya huko juu inageuka utelezi na mabasi yanakwama, msijitie ujasiri. Mtafute mtembezaji mwenyeji, na pesa mkubaliane kabla hamjaanza kutembea. Na mabasi ya kutoka Mtae yanaondoka usiku usiku kabla hakujapambazuka, dereva hasubiri mtu anayepiga mswaki.

Inayofuata ni Mlalo, kwenye zile nyumba za udongo za ghorofa zenye vibaraza vya mbao, na tupande Kwembago kwenye makazi ya machifu wa Kikilindi, ule ukoo uliowatawala Wasambaa. Nafasi zipo mbili kwenye Noah, anayetaka aseme mapema, spika abaki nayo nyumbani.